Kwaresima na Mtoto Mwenye Kisukari cha Aina ya Kwanza

Kila Kwaresima inapokaribia, swali hili hurudi katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza na katika jumuiya ndogo ndogo: mtoto anayechomwa insulini kila siku, afunge au asifunge? Wapo wazazi wanaoona haya kuliuliza, wakidhani kusamehewa mfungo ni upungufu wa imani. Tunapenda tulijibu waziwazi.

Tuanze na mwili. Katika kisukari cha aina ya kwanza, kongosho halitengenezi tena insulini. Ugonjwa huu haukuletwa na peremende, wala hauponi kwa kuacha sukari. Kabla ya mwaka 1922, kijana Leonard Thompson alipochomwa insulini huko Toronto, tiba waliyokuwa nayo madaktari ilikuwa kuwapunguzia watoto hao chakula mno. Yaani walifungishwa, wakakonda, na hatimaye wakafariki.

Leo mtoto huyu huishi kwa kulinganisha insulini na chakula. Akichoma dozi ya mlo kisha asile, sukari hushuka: hutetemeka, hutoka jasho, huchanganyikiwa, na aweza kuzimia au kupata degedege. Basi wengine huona njia rahisi ni kuacha sindano siku ya mfungo. Hapo hatari ni kubwa zaidi. Hata asipokula, mwili unahitaji insulini. Ikikosekana, damu hujaa asidi, mtoto hutapika, huhema kwa nguvu, na asipowahishwa hospitali hufa. Tunasema hayo hayo kwa wanaowaambia wazazi waache dawa kwa sababu wameshaombewa. Tuwaombee watoto, na sindano ziendelee.

Kanisa, kwa upande wake, halimdai mtoto mfungo. Kanuni ya 1252 ya Sheria za Kanisa inawabana wenye miaka 18 mpaka wanapoanza mwaka wao wa 60. Kuacha nyama huanza baada ya kutimiza miaka 14. Mwanafunzi wa darasa la tano, awe mzima au mgonjwa, hafungwi na sheria hiyo. Naye kijana mwenye kisukari akifikisha 18, ugonjwa wake ni sababu ya kutosha.

Kuacha nyama kunawezekana, ila jikoni pawe na hesabu. Nyama karibu haina wanga, lakini maharage yanao. Sahani ya wali na maharage Ijumaa si sawa na ya wali na nyama Alhamisi, na dozi huenda ikabadilika. Samaki na dagaa hawana shida hiyo.

Linalotusumbua zaidi ni ile saa moja kabla ya Komunyo. Mtumikiaji anaanza kutetemeka wakati wa mahubiri, ana glukosi mfukoni, lakini anavumilia akiogopa kukosa Ekaristi. Asivumilie. Kanuni ya 919 inasema maji na dawa havivunji mfungo huo, na sukari inayomwokoa asizimie ni dawa yake. Kanuni hiyo hiyo inawaruhusu wagonjwa, pamoja na wanaowahudumia, kupokea hata kama wamekula kitu ndani ya saa hiyo. Katekista na paroko waelezwe mapema, ili mtoto asikemewe mbele ya wenzake.

Ijumaa Kuu nayo ina mambo yake. Kutembea Njia ya Msalaba hushusha sukari, hivyo mtoto apime kabla ya kuondoka, abebe kitu cha kula, wala insulini isiachwe juani.

Kanuni ya 1252 inawataka pia wachungaji na wazazi kuwafundisha wasiofunga maana ya toba. Basi mtoto huyu asiachwe pembeni kama mtazamaji. Aweza kuacha katuni jioni, kutoa sehemu ya fedha yake ya matumizi kwa maskini, au kwenda kumchotea maji bibi jirani. Akiamua kujinyima soda, sawa, lakini iwepo moja nyumbani, yenye sukari halisi, kwa ajili ya siku sukari ya damu itakaposhuka chini ya 4. Siku hiyo anywe kama alivyoelekezwa kliniki, apime tena baada ya dakika 15. Akiwa amezimia, asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.