Meli za Jodari na Deni la Msumbiji



Mwezi Januari mwaka 2017 Serikali ya nchi jirani ya Msumbiji ilitangaza kwamba haina uwezo wa kulipa riba ya dola milioni 59.8 iliyokuwa imefika siku yake. Wakati huo huo, katika bandari ya Maputo, zilikuwa zimefungwa gatini meli za kuvulia jodari, zikiota kutu. Aliyezitazama meli zile na kusikia habari ya riba ile angeweza kudhani kwamba ni mambo mawili mbalimbali. Kwa mhasibu ni jambo moja, lililoandikwa katika pande mbili za daftari moja.

Askari aliyewahi kutunza bohari anaijua tofauti iliyopo kati ya unga na lori. Unga huliwa ukaisha, na gharama yake ni ya mwezi ule ule. Lori ni mali ya kudumu. Tuseme limenunuliwa kwa shilingi milioni 120 na linatarajiwa kufanya kazi kwa miaka 8. Mhasibu haandiki kwamba milioni 120 zimetumika katika mwaka wa kwanza, bali kila mwaka hupunguza milioni 15 katika thamani ya lori hilo. Fedha hizo ndizo ziitwazo uchakavu. Na uchakavu hausubiri lori litembee. Hata likilala chini ya mwembe, miaka huhesabiwa.

Sasa tuseme fedha za lori hilo zilikopwa kwa hati fungani. Hii ni hati ya deni inayouzwa kwa watu wengi, nayo hutaja mambo matatu: kiasi kilichokopwa, siku ya kukirudisha, na riba itakayolipwa kila wakati hadi siku hiyo. Kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, milioni 120 zitadai milioni 12 kila mwaka, na baada ya miaka 8 zitakuwa zimelipwa milioni 96 za riba peke yake, kabla ya kurudisha deni lenyewe. Lori la milioni 120 limegharimu milioni 216. Likiwa la kubeba mizigo ya biashara, nauli inaweza kuilipa riba hiyo. Likiwa la kubeba askari wa doria, kazi yake ni ya lazima na ya heshima, lakini haliingizi senti. Riba italipwa na kodi ya mwananchi. Kwa hiyo mwenye kukopa hana budi kusema waziwazi tangu mwanzo ni lori la namna gani analolinunua.

Hapo ndipo Msumbiji ilipokwama. Mwaka 2013 kampuni ya serikali iitwayo EMATUM ilikopa dola milioni 850 kwa hati fungani zenye riba ya asilimia 6.305. Wanunuzi wa hati waliambiwa kwamba fedha hizo ni za uvuvi wa jodari. Meli 24 za uvuvi ziliagizwa kutoka Cherbourg, Ufaransa, pamoja na mashua za doria. Baadaye Serikali ilieleza kwamba dola milioni 500 katika deni hilo zilikuwa za ulinzi. Wakaguzi wa kampuni ya Kroll, ambao muhtasari wa taarifa yao ulitolewa mwaka 2017, hawakupata maelezo ya kuridhisha juu ya fedha hizo. Siri ya ulinzi ni jambo linaloeleweka kwa kila mlinzi wa nchi. Lakini siri hiyo ni ya kumficha adui, si ya kumficha mkaguzi wa hesabu.

Deni hilo lilikuwa na dhamana ya Serikali, maana yake kampuni ikishindwa, Hazina italipa. Dhamana yenyewe haikuidhinishwa na Bunge, na mwezi Juni mwaka 2019 Baraza la Katiba la Msumbiji liliitangaza kuwa batili. Aidha, mwezi Aprili mwaka 2016 iligundulika kwamba kampuni nyingine mbili, Proindicus na MAM, zilikuwa zimekopa zaidi ya dola bilioni 1.1 kwa dhamana za namna hiyo hiyo bila Bunge kuarifiwa. Shirika la Fedha la Kimataifa lilisimamisha mkopo wake, na nchi wahisani zikazuia misaada ya bajeti.

Meli hazikuvua samaki wa kutosha kulipa hata riba. Mwaka 2016 deni la jodari lililobaki lilibadilishwa likawa hati fungani za Serikali yenyewe: dola milioni 726.5, kwa riba ya asilimia 10.5. Hiyo ni zaidi ya dola milioni 76 kwa mwaka, na badiliko hilo halikuongeza meli hata moja. Upande mmoja wa daftari thamani ya meli ilikuwa ikishuka kwa uchakavu. Upande wa pili riba ilikuwa ikipanda. Riba ya kwanza ya hati hizo mpya ndiyo ile iliyoshindikana Januari 2017.

Mwezi Oktoba mwaka huo huo, wavamizi wenye silaha walishambulia vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia, mji wa pwani ulio kusini ya mto Ruvuma, si mbali na mpaka wetu. Ulinzi wa pwani ndiyo kazi iliyotajwa wakati Proindicus ilipokuwa ikikopa.

Mashauri yamekwisha kuamuliwa Maputo, London na New York, ambako aliyekuwa Waziri wa Fedha, Manuel Chang, alitiwa hatiani mwezi Agosti mwaka 2024. Hata hivyo hukumu ya mtu haifuti hati fungani. Mwaka 2019 Msumbiji ilikubaliana na wadai wake hati mpya ya dola milioni 900. Riba ilikuwa asilimia 5, yaani dola milioni 45 kwa mwaka, na baada ya Septemba 2023 ikapanda kuwa asilimia 9, yaani dola milioni 81. Kwa masharti hayo, malipo ya mwisho yamewekwa mwaka 2031, miaka 18 tangu meli zile zilipoagizwa.