Tusipime mtambo wa simu kwa wingi wa sifa zake

Majuzi nilialikwa katika chuo kimoja cha ufundi kuwa miongoni mwa wakaguzi wa miradi ya wanafunzi wa uhandisi wa mawasiliano. Kijana mmoja mtulivu alisimama mbele yetu akatundika ukutani jedwali kubwa. Alikuwa amelinganisha programu tatu za kuendeshea kiini cha mtandao wa simu za mkononi, yaani Open5GS, free5GC na Magma. Kila sifa ilikuwa na safu yake, na kila programu iliyokuwa na sifa hiyo ilitiwa alama ya vyema. Jedwali lilipendeza. Nilipomwuliza ni nini hutokea mtu aking'oa waya ilhali watu wanaendelea kutumia simu, alinitazama kwa muda, kisha akajibu kwa adabu, "Mwalimu, hilo halimo katika mwongozo wa kukagulia."

Alisema kweli. Mwongozo ule niliuandika mimi pamoja na wenzangu wawili, miaka mitatu iliyopita.

Yamkini msomaji atauliza kiini ni kitu gani. Wengi wetu tukitaja mtandao wa simu huwaza mlingoti ulio kilimani. Mlingoti ni mlango tu. Unapowasha simu, mlingoti hulipokea ombi lako na kulipeleka kwenye kiini, nacho ni mkusanyiko wa programu zilizo katika tarakilishi mahali pengine, pengine mamia ya kilomita kutoka ulipo. Huko programu moja huthibitisha kwamba laini ni yako, kwa kutumia siri iliyohifadhiwa ndani ya kadi na katika daftari la wateja. Nyingine hukumbuka uko upande gani, ili ukipigiwa simu upatikane. Nyingine hukufungulia njia ya intaneti, na nyingine huhesabu ulichotumia. Zamani mitambo hii iliuzwa kwa bei ambayo chuo cha kawaida kisingethubutu hata kuuliza. Siku hizi zipo programu huria, ambazo mwanafunzi huweza kuziweka katika tarakilishi moja mezani na kuzichunguza mstari kwa mstari. Hii ni neema kubwa, nasi walimu hatuna budi kuitumia vyema.

Sisemi kwamba jedwali la yule kijana halikuwa na faida. Open5GS, iliyoanzishwa na Sukchan Lee wa Korea Kusini na kuandikwa kwa lugha ya C, huhudumia 4G na 5G pamoja. free5GC, iliyozaliwa katika chuo kikuu nchini Taiwan na kuandikwa kwa lugha ya Go, imejengwa kwa ajili ya 5G. Anayetaka kuhudumia simu za 4G lazima aijue tofauti hiyo kabla ya kupoteza muhula mzima. Lakini alama ya vyema haimwambii kuwa sehemu ya free5GC inayopitisha data hutegemea kipande cha programu kinachopachikwa ndani kabisa ya Linux, na ambacho hakikubaliani na kila toleo la Linux. Anayebadilisha toleo bila kufikiri huweza kukuta kesho yake data haipiti, na jedwali lake bado limejaa alama za vyema.

Hata Magma, iliyotolewa huria na kampuni ya Facebook mwaka wa 2019 na kuingia chini ya Linux Foundation mwaka wa 2021, haieleweki kwa jedwali. Ilibuniwa kwa kufikiria mahali ambapo njia ya kwenda makao makuu ni dhaifu. Lango lake hukaa karibu na milingoti na huendelea kuwahudumia wateja linaowajua hata kama msimamizi wake wa mbali amekatika kwa muda. Kwa mtu wa Turkana au Marsabit, sifa hiyo moja huenda ikawa na uzito kuliko safu kumi nyingine. Katika jedwali la kijana ilikuwa safu ya kumi na saba. (Leseni haikuwamo kabisa, ingawa leseni ya Open5GS humdai anayeirekebisha na kuwahudumia watu kwayo mtandaoni awape pia maandishi ya marekebisho yake. Mwanafunzi anayeota kufungua kampuni angefaa kulijua hilo mapema.)

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Mitandao mikubwa ya dunia haikuangushwa na upungufu wa sifa. Tarehe 6 Desemba 2018, mamilioni ya wateja wa O2 nchini Uingereza waliamka wakakosa intaneti katika simu zao, na hata vibao vya kuonyesha saa za mabasi jijini London vikazubaa. Siku hiyo hiyo wateja wa SoftBank nchini Japani nao walikatikiwa. Milingoti ilikuwa imesimama wima. Kilichotokea ni kwamba cheti cha kidijitali ndani ya programu ya kiini, iliyotengenezwa na Ericsson, kilikuwa kimepitwa na tarehe yake. Mtambo uliokuwa na sifa zote ulizimika kwa sababu ya tarehe!

Mkasa wa KDDI wa Japani wa Julai 2022 una mafunzo zaidi. Mafundi walikuwa wakifanya matengenezo ya usiku, na huduma ya sauti ikakatika kwa dakika chache. Hilo peke yake lingesahaulika. Lakini simu zote zilizokuwa zimekatika zilirudi kwa pamoja kuomba kuandikishwa upya, mitambo ya sauti ikazidiwa, na kumbukumbu za daftari la wateja zikaacha kulingana na hali ilivyokuwa. Simu ikikataliwa huomba tena, na kila ombi huongeza msongamano. Ilichukua zaidi ya saa 60 mambo kutengemaa. Swali la kumwuliza mwanafunzi, basi, si kama programu yake huweza kuandikisha simu. Aulizwe hufanyaje zikija elfu kumi kwa dakika moja, na je, huzikataa kwa utaratibu au huzirai?

Katika nchi ambako mama mboga hulipwa kwa simu na karo hulipwa kwa simu, kiini kikizirai si mazungumzo tu yanayokatika.

Niliwaeleza wenzangu wa jopo kwamba mwongozo urekebishwe, nusu ya alama zitolewe kwa majaribio ya kuharibu: kung'oa waya, kuzima sehemu moja ghafula, kujaza wateja bandia kupita kiasi. Mmoja alipinga kwamba wanafunzi watashindwa wengi, na kwamba mkaguzi wa nje hutaka kitu kinachohesabika. Hofu yake naielewa. Hata hivyo, programu ya UERANSIM, ambayo pia ni huria, huiga simu na mlingoti bila kuhitaji mtambo wa redio, na matokeo yake huhesabika: wangapi walikatika, na walirudi baada ya sekunde ngapi. Tulikubaliana kuanza na robo ya alama.

Baada ya wiki moja yule kijana alinitafuta. Alikuwa amezima ghafula ile sehemu ya Open5GS inayokumbuka simu zilipo, kisha akaiwasha tena. Daftari la wateja lilikuwa salama, kwa kuwa limehifadhiwa kando. Habari za nani aliyekuwa hewani zilikuwa zimetoweka zote, na simu zake bandia akalazimika kuziandikisha upya. Alikuwa ameandika kurasa nne, na katika ukurasa wa mwisho amefuta safu sita za jedwali lake na kueleza kwa nini. Ilikuwa kazi bora kuliko ile tuliyoikagua. Alama zake zilikuwa zimekwisha kupelekwa kwa mkuu wa idara, nami sikuweza kumwongezea hata moja.