Mpiga Kura Mmoja, Kura Tatu: Namna ya Kusoma Matokeo ya Madiwani wa London

Mei 5, 2022, wakazi wa London walichagua madiwani wa manispaa zao zote 32. Kulipokucha, chama cha Conservative kilikuwa kimeipoteza Westminster, ambayo hakikuwahi kuipoteza tangu uchaguzi wake wa kwanza mwaka 1964. Kilikuwa kimepoteza pia Wandsworth, iliyokuwa mikononi mwake tangu 1978, na Barnet. Zote tatu zilichukuliwa na chama cha Labour. Maelezo yaliyotawala vichwa vya habari yalikuwa mamoja: wapiga kura wamemwadhibu Waziri Mkuu Boris Johnson kwa karamu zilizofanyika kwenye ofisi yake ya Downing Street wakati wananchi wenzake wamefungiwa majumbani kwa sababu ya korona.

Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayatoshi. Katika uchaguzi huo huo, Conservative waliinyang'anya Labour manispaa ya Harrow kwa viti 31 dhidi ya 24. Huko Croydon, ambako halmashauri iliyoongozwa na Labour ilikuwa imetangaza mwaka 2020 kwamba fedha zake hazitoshi kukidhi matumizi, wakazi walimchagua meya wa Conservative, Jason Perry, kwa tofauti isiyofika kura 600. Kama hasira zote zilielekezwa Downing Street, mbona Harrow na Croydon zilikwenda njia nyingine?

Kwa maoni yangu, anayetaka kuyaelewa matokeo ya aina hii aanzie kwenye karatasi ya kura. Tanzania kata huchagua diwani mmoja, na Kenya wadi humchagua mwakilishi mmoja. Kata nyingi za London huchagua madiwani watatu kwa mpigo, na kila mpiga kura ana kura tatu. Anaweza kuzitoa zote kwa chama kimoja, akazigawa, au akatumia moja tu akaondoka. Karatasi haina picha za wagombea. Ina majina yaliyopangwa kwa alfabeti ya majina ya ukoo, na nembo za vyama. Mpangilio huo una athari zake. Mara nyingi, kati ya wagombea watatu wa chama kimoja, yule ambaye jina lake liko juu hupata kura kadhaa zaidi ya yule aliye chini, kwa sababu tu jicho lilimfikia kwanza. Katika kata yenye ushindani mkali, mgombea anaweza kukosa kiti kwa sababu ya herufi tu.

Kuhesabu nako kuna kazi. Kwanza karatasi zote huhesabiwa ili kuthibitisha kwamba idadi yake inalingana na zile zilizotolewa vituoni. Kisha hutengwa mafungu mawili. Zile zilizowapa kura wagombea wote watatu wa chama kimoja hupangwa pamoja na huhesabika haraka. Zile zilizochanganya vyama husomwa moja moja, kila kura ikitiwa alama kwenye jedwali la majina, huku mawakala wa vyama wakichungulia ng'ambo ya meza. Hapo ndipo usiku unaporefuka, na mara nyingi ndipo kiti cha tatu cha kata huamuliwa.

Utaratibu huu unamneemesha anayeongoza. Tuseme katika kata moja wagombea wa chama kimoja wanapata kura kama 1,300 kila mmoja, na wa chama cha pili kama 1,200. Cha kwanza kinachukua viti vyote vitatu, na zile 1,200 hazileti hata kimoja. Rudia hesabu hiyo kata baada ya kata na utaielewa Newham, ambako Labour ilishinda viti vyote 60 mwaka 2010, 2014 na 2018, ilhali maelfu ya wakazi walivipigia kura vyama vingine. Mwaka 2022 Lewisham ikawa hivyo hivyo, viti 54 kwa 54. Richmond upon Thames, Conservative waliambulia kiti kimoja kati ya 54. Baraza lisilo na upinzani ni hatari kwa wakazi wenyewe, maana hakuna wa kuuliza kwa nini zabuni imetolewa kwa huyu na si kwa yule.

Ndiyo maana udhibiti wa manispaa nzima huamuliwa na kata chache zenye ushindani. Hakuna mahali palipolijua hilo vizuri kuliko Westminster. Mwaka 1986 Conservative waliponea chupuchupu. Kiongozi wa halmashauri, Shirley Porter, pamoja na wenzake, wakaanzisha mpango wa kuuza nyumba za halmashauri katika kata nane zenye ushindani, wakilenga wanunuzi waliotarajiwa kukipigia kura chama chao. Mwaka 1990 walishinda kwa kishindo. Lakini mkaguzi wa hesabu alifuatilia, na mwaka 2001 majaji wa House of Lords waliamua kwamba mpango huo ulikuwa haramu. Mwaka 2004 Porter alikubali kulipa pauni milioni 12.3. Nyumba za umma, ambazo familia zilizisubiri kwa miaka, zilikuwa zimegeuzwa mtaji wa kura.

Na mwaka 2022? Mbali na karamu za Downing Street, Westminster ilikuwa na jambo lake. Kiangazi cha 2021 halmashauri ilijenga kilima bandia cha mita 25 karibu na Marble Arch ili kuwarudisha wanunuzi madukani baada ya korona. Gharama zilipanda hadi pauni milioni 6, wageni wa mwanzo wakalalamika kwamba hakuna cha kuona, na naibu kiongozi wa halmashauri akajiuzulu. Labour, iliyokuwa na viti 19 kati ya 60, ikatoka na 31 kati ya 54.

Wasomaji wetu wanaoishi London wanahusika moja kwa moja. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali, awe wa Kenya, Tanzania, Uganda au Rwanda, ana haki ya kujiandikisha na kumchagua diwani bila kuwa na uraia wa Uingereza. Jirani yake mwenye uraia wa Kongo au Burundi hana haki hiyo, hata kama wanalipa kodi ile ile ya halmashauri. Naliona hilo kuwa dhuluma, lakini ndiyo sheria. Kujiandikisha hufungwa siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Tangu 2023 lazima mtu aonyeshe kitambulisho chenye picha kituoni, na pasipoti ya nchi ya Jumuiya ya Madola inakubalika. Mwaka 2022, ni takriban theluthi moja tu ya waliojiandikisha London waliopiga kura.