Kiongozi wa Karakana ni Mwalimu

Ukiona vyaelea, vimeundwa, walinena wahenga. Lakini ni nani huwaandalia waundaji mahali pa kuundia?

Hapa Nairobi, Dkt. Kamau Gachigi amejitwika mzigo huo. Akiwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliisimamia karakana ya chuo iitwayo Fab Lab, kisha akawa mkurugenzi mwanzilishi wa Gearbox. Karakana hiyo, iliyoasisiwa bila kulenga faida, ilichipuka kutoka iHub, kituo kilichofunguliwa mwaka 2010 katika Barabara ya Ngong. Wazo lilikuwa jepesi: mbunifu asiyeweza kununua mtambo atumie ule wa wote.

Hata hivyo, mitambo peke yake haitoshi. Kutoka chuoni hadi Kamukunji si mbali kwa miguu, ila fundi wa jua kali na mhandisi mhitimu huishi kama wageni. Mmoja ana mkono uliozoea nyundo, mwingine ana hesabu, na Kiingereza cha vitabu vya mitambo kimewatenga.

Sisi wanaisimu twajua kwamba fundi, fundisha na mwanafunzi ni maneno ya shina moja. Kwa hivyo kiongozi wa karakana ya umma asipimwe kwa wingi wa mitambo, bali kwa wanagenzi aliowalea, na kwa lugha aliyowafunzia.

Walimu, mtakapowapeleka wanafunzi kuzuru karakana, waulizeni wenyeji: fundi wa Kamukunji akibisha hodi hapa, ataitikiwa kwa lugha gani?