Sumu ya alumini: Panya watoa onyo, figo zatukinga

Na Mwandishi Wetu

NI jiko gani la mjini lisilo na sufuria ya alumini? Ni nyepesi, hushika moto upesi na bei yake si ya kutisha. Lakini je, msomaji, wajua kwamba madini hayo hayo yamewadhuru vibaya sungura na panya katika maabara za wanasayansi?

Mwaka wa 1965 nchini Marekani, Igor Klatzo na wenzake waliwadunga sungura chumvi ya alumini. Wanyama hao walishikwa na degedege, na ubongo wao ulipochunguzwa kwa hadubini, seli zilionekana zimejaa nyuzi zilizosokotana.

Tangu hapo panya wamenyweshwa chumvi za alumini kwa wiki nyingi. Seli za ini huvimba na nyingine kufa, vijifereji vya figo huharibika na mbegu za kiume hupungua. Chanzo kimoja ni kwamba alumini huchochea chembe kali za oksijeni ambazo hushambulia kuta za seli. Ndiyo maana panya waliopewa pia vitamini E walipata madhara machache.

Hata hivyo, usikimbilie kutupa sufuria zako. Panya hao hupewa kiasi kikubwa mno kuliko kile tunachokula. Isitoshe, katika kila sehemu 100 za alumini tunayomeza, haifiki hata moja inayopenya na kuingia katika damu. Hiyo kidogo inayopenya, nyingi yake hutolewa na figo kupitia mkojo.

Je, figo zikishindwa? Jibu lilipatikana Denver, Marekani, mwaka wa 1976. Allen Alfrey na wenzake walichunguza wagonjwa waliokuwa wakisafishwa damu kwa mashine, kisha wakaanza kubabaika maneno, kuchanganyikiwa na hatimaye kufariki. Ubongo wao ulikuwa na alumini zaidi ya mara 10 kuliko wa watu wa kawaida. Ilitoka katika maji ya mashine na katika vidonge vyao. Leo maji hayo husafishwa kwa uangalifu mkubwa.

Mwaka wa 2011, wataalamu wa FAO na Shirika la Afya Duniani waliweka kikomo cha miligramu 2 kwa wiki kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 60 asipitishe miligramu 120.

Mama na baba wa nyumbani wafanye nini? Vyakula vichachu kama nyanya, ukwaju na ndimu huitoa alumini katika chombo. Mchuzi ukiiva, uhamishie kwenye bakuli la kioo au la udongo badala ya kuulaza katika sufuria. Naye mwenye ugonjwa wa figo asinunue dawa ya kiungulia kiholela, kwani baadhi zina alumini. Amwulize daktari kwanza.