Kabla ya Masika, Piga Hodi kwa Wazee

Mwezi wa Machi umeingia, na sisi tukaao katika miteremko ya Mlima Meru twajua maana yake. Asubuhi kilele chajificha katika wingu, mchana joto lafukuta, na jioni upepo waleta harufu ya udongo ulioloa mahali pengine. Masika yako mlangoni. Toka sasa mpaka Mei mvua ndiyo itakayotutawala. Basi kila mtu ana haraka: shamba limalizike, mbegu ipatikane, mfereji usafishwe, bati lililotoboka lizibwe.

Katika haraka hii wako watu tunaowasahau. Hatuwasahau kwa ubaya, bali kwa sababu wao hawapigi kelele. Jambo hilo nilifundishwa Jumamosi moja mwezi huu, tena kwa aibu.

Jumamosi, kama mjuavyo, ni siku ya soko la Tengeru, sawasawa na Jumatano. Nilikuwa nateremka na kijana wangu wa darasa la tano, na shughuli zangu zilikuwa nyingi: mbegu ya mahindi, mpini wa jembe, misumari ya bati, chumvi na sabuni. Tulipokuwa tukitoka, mama watoto akasema, "Leo msipite tu. Ingieni mkamwamkie Bibi."

Bibi huyu si wa ukoo wetu. Alikuwa rafiki wa marehemu mama yangu. Walichuma kahawa pamoja miaka mingi. Nyumba yake iko hatua chache kutoka njia ya sokoni. Tangu Krismasi nilikuwa nimepita hapo pengine mara ishirini, na kila mara nikijiambia, "Nitaingia nikirudi." Nikirudi, mzigo ulikuwa mzito au jua limekuchwa.

Tukapiga hodi. Tulimkuta amekaa jikoni, ungo mapajani, akichagua maharagwe kwa vidole, maana macho yake yameingia ukungu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Sauti hii naijua. Leo umepata nafasi?"

Hakusema kwa kulaumu, lakini neno lile lilinichoma. Mara akainuka, akamtilia mtoto loshoro katika kikombe, kwa kuwa kwake mgeni hatoki na kinywa kikavu. Mimi nikatazama nje. Shamba lake la robo eka lilikuwa limelimwa vizuri, halina jani. Alikuwa amelilima mwenyewe, kidogo kidogo kila asubuhi, tangu Februari.

"Bibi, shamba liko tayari. Utapanda lini?"

"Mungu akipenda," akajibu, akageukia maharagwe yake.

Watoto huona wasichoonyeshwa. Kijana wangu alikuwa akitazama juu ya mafiga, mahali ambapo wazee wetu hutundika magunzi ya mbegu ili moshi uwafukuze wadudu. Akasema, "Baba, mbona kamba ni tupu?"

Bibi akacheka kidogo. "Mbegu tuliila, mjukuu wangu. Njaa haijui kesho."

Nikamwuliza kwa nini hakutuambia. Akasema, "Mwanangu, ningemwambia nani? Nasikia nyayo zenu kila siku ya soko. Wote mwapita mbio."

Sikuwa na jibu. Robo eka yahitaji mbegu ya mahindi kama kilo mbili na nusu tu. Mwanamke mzima alikuwa amelima shamba akingojea mbegu asiyokuwa nayo, na sisi majirani twapita mlangoni na vikapu. Mvua ikianza, asiyepanda mapema huvuna kidogo. Wiki mbili zaidi za kunyamaza, na mwaka wake wote ungaliharibika.

Nilipoaga, akafungua fundo la kanga yake, akanipa fedha kidogo aliyokuwa nayo. Nilitaka kukataa, lakini nikaona uso wake, nikaipokea. Msaada usiomwachia mtu heshima yake ni mzigo mwingine. Huko Tengeru nikaongeza iliyopungua, nikamnunulia mbegu, nikiangalia pakiti isiwe imefunguliwa na iwe na lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu.

Kwa kuwa aibu ilikuwa bado moto, tulipopanda tukaingia pia kwa mzee mwingine, tukiwa na betri za redio yake. Yeye alizaliwa Engare Nanyuki, upande wa pili wa mlima. Alikuwa na miaka saba mwezi wa Novemba 1951, serikali ya Kiingereza ilipowaondoa Wameru wapatao 3,000 huko ili nchi yao wapewe walowezi. Alimweleza kijana wangu jinsi alivyoona nyumba zikiwaka moto, na jinsi mwaka uliofuata Kirilo Japhet alivyosafiri mpaka New York kuyapeleka malalamiko ya Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa. Kijana alisahau hata kudai chai. Tuliingia kumpa mzee betri mbili; tukatoka yeye ndiye aliyetupa zaidi.

Jumatatu jioni watoto wa majirani wakaingia shambani kwa Bibi, punje mbili kila shimo. Kabla ya giza kazi ikaisha. Usiku wa Jumatano mvua ikanyesha.

Wasomaji wapenzi, naomba tukumbuke mambo machache. Kwanza, unapokwenda sokoni au mjini Arusha, mwulize mzee wa jirani yako akutume nini. Safari ni ile ile, na kikapu ni kile kile. Pili, ukiingia kwake, tumia macho: je, kuni zipo? Paa lavuja? Njia ya chooni yateleza? Udongo wetu ukiloa ni kama sabuni, na mzee akianguka aweza asisimame tena. Tatu, usidhani kwamba kila upofu wa uzeeni hauna dawa. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji. Nayo Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilieleza kwamba wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Wengi hawaendi hospitali kwa sababu hawana wa kuwashika mkono tu. Bibi wetu tumekwisha kupanga kumpeleka. Nne, enenda na mtoto. Atajifunza kuamkia, kusikiliza na kuona.

Mwaka 2021 Baba Mtakatifu Fransisko aliweka siku ya kuwakumbuka mababu, mabibi na wazee, Jumapili ya nne ya Julai. Ni jambo jema sana. Lakini mbegu haingojei Julai. Tumo katika Kwaresima, na wengi wetu twaweza kujinyima nyama bila taabu. Kumbe kusimama dakika kumi mlangoni pa mzee ndiko kunakotushinda.

Siku hizi nikipita njia ile, Bibi huita kabla sijapiga hodi. Asema amezijua nyayo zangu: siku hizi hazikimbii.