Jumapili yenye mtoto mgongoni

Nilifika Mbeya nina miaka kumi na minane, natokea kijijini Kilolo, kufanya kazi za ndani kwa familia moja ya Soweto. Shangazi aliyenipeleka aliahidiwa kwamba Jumapili nitakuwa napumzika. Jumapili ya kwanza niliamka saa kumi na moja alfajiri kama siku zote, nikabandika maji ya kuoga ya watu sita, maana Juni ya Mbeya hakuna anayethubutu maji ya bombani. Nikachemsha chai, nikapiga deki, ndipo mama akasema, "Haya dada, nenda kanisani." Akanifunga mtoto mgongoni. Ibada nzima nilisimama nyuma nikimbembeleza. Saa saba niko jikoni nasonga ugali. Hiyo ndiyo iliyokuwa ofu yangu kwa miaka minne.

Mama yule hakuwa mtu mbaya, na sweta langu la kwanza alininunulia yeye. Aliamini kwa dhati kwamba nimepumzika.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamhusu dada wa kazi kama inavyomhusu karani. Kazi isizidi siku sita kwa wiki, na baada ya hapo apate angalau saa 24 za mapumziko, mfululizo. Kama ni Jumamosi saa kumi na mbili jioni, basi ni mpaka Jumapili saa kumi na mbili jioni. Akikubali kufanya kazi ndani ya saa hizo, kila saa inalipwa mara mbili.

Nawasikia wanaosema, "Anakula bure, analala bure, mapumziko ya nini tena?" Amri ya mishahara ya mwaka 2022 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa anayeishi kwa mwajiri wa kawaida, na 120,000 kwa anayetoka kwake. Chakula na kitanda vimeshahesabiwa humo. Siku yake ya mapumziko haikuguswa.

Kuna kipengele ambacho ningekijua mapema kingenifuta machozi mengi. Mkiandikiana, mapumziko yanaweza kuunganishwa yawe saa 60 mfululizo kila wiki mbili. Hesabu mwenyewe: Ijumaa saa kumi na mbili jioni mpaka Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Jumamosi unapanda basi, unapita Chimala, Makambako, Mafinga, unashuka Ipogolo na mtu anakuamkia "Kamwene". Unalala kwa mama yako usiku mmoja, Jumapili unarudi. Mimi miaka ile minne nilikwenda nyumbani mara mbili, zote kwenye msiba.

Hata usiku una saa zake. Mfanyakazi anastahili saa 12 kati ya kumaliza kazi na kuanza tena. Anayeishi kazini zinaweza kupunguzwa hadi 8, kwa maandishi, si kwa "tulishaelewana". Yakishindikana nyumbani, ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yenye ofisi Mbeya na Iringa pia. Mgogoro wa malipo upelekwe ndani ya siku 60. Wa kuachishwa kazi, ndani ya siku 30.

Leo nashona nguo Mwanjelwa, na nyumbani nina dada anayenisaidia, binti wa Mufindi. Tuliandikiana kwenye karatasi ya daftari, nakala mbili, yake anayo kwenye begi lake. Mwanzoni nilikosea. Alikuwa anatoka Jumapili, akirudi anakuta beseni limejaa vyombo vya tangu jana. Siku moja akanawa mikono, akachutama kuviosha bila kusema neno, na mgongo wake ukanikumbusha wangu. Saa zote alizopumzika nilikuwa nazidai pale kwenye beseni.

Jumapili iliyopita alirudi jioni na mahindi mawili ya kuchoma, moja la mwanangu. Akaenda moja kwa moja uani. Beseni lilikuwa limefunikwa kifudifudi, kavu.